Uliza Fundi: Wi-Fi ya laptopu kuukuu

Barua za safari hii nimezifunga furushi moja kwa sababu zote zinalia kilio kimoja: laptopu ina umri, mfumo umewekwa upya au umebadilishwa, na Wi-Fi haipatikani. Karibu kila mwandishi amenitajia jina la laptopu yake na kuniomba kiungo cha kupakulia draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Viungo sigawi. Ukisoma jibu la kwanza utaona kwa nini.

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba amenipa laptopu yake ya mwaka 2018 nisomee. Ilikuwa imejaa takataka, rafiki yangu akaifuta na kuiwekea Windows 10 upya. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa Wi-Fi. Ile alama ya mawimbi haipo kabisa. Kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu nimeandika modeli nikakuta draiva nne za Wi-Fi, za kampuni tofauti. Nilizipakua kwa kompyuta ya chuo nikaziweka zote. Moja imesema haioni kifaa. Mbili zimejaza vijiprogramu vyao pale chini ya skrini lakini mtandao hakuna. Ya nne ilifungua kidirisha, ikakimbiza mstari wa kijani, ikafunga, na hakuna kilichobadilika. Nimekwama. — Mpwa wa Mjomba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, fungua orodha ya programu uondoe zile mbili zilizojipachika. Kadi moja ya Wi-Fi haihitaji wasimamizi watatu, na vijiprogramu vya namna hiyo vina tabia ya kugombania usukani na Windows yenyewe.

Sasa, kwa nini draiva nne? Kwa sababu jina lililoandikwa kwenye mfuniko ni la boksi, si la vilivyomo ndani. Kiwanda hutoa modeli moja kwa muda mrefu, na kadi ya Wi-Fi hutoka kwa muuzaji huyu au yule kutegemea nani ana mzigo. Laptopu mbili zenye jina lilelile zinaweza kukaa rafu moja, hii ina Intel, ile ina Realtek. Tovuti haijui yako ni ipi, kwa hiyo inakuwekea zote na kukuachia uchague. Ndiyo maana sigawi viungo: ukinitajia jina la laptopu, hujaniambia bado chipu gani imo ndani.

Chipu yenyewe inajua jina lake na iko tayari kulisema. Bofya kwa kitufe cha kulia alama ya Windows, chagua "Device Manager", ufungue sehemu ya "Network adapters". Kama hakuna jina lenye neno Wireless, Wi-Fi, WLAN au namba 802.11, shuka mpaka "Other devices". Huko ndiko Windows inakotupia vifaa ilivyoshindwa kuvitambua, na kadi ya Wi-Fi mara nyingi hukaa hapo kwa jina la "Network Controller", ikiwa na alama ya njano. Usiiogope hiyo alama. Maana yake kadi ni nzima, imeitwa ikaitika, ila hakuna wa kuzungumza nayo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kutoona chochote sehemu zote mbili. Hapo hata upakue draiva za dunia nzima hutaponya kitu, kwa sababu kadi imezimwa kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha laptopu kabla ya Windows), imelegea kwenye soketi yake, au imekufa.

Bofya mara mbili kile kifaa. Ukurasa wa kwanza una sentensi inayoishia na neno Code na namba. 28 ni kwamba draiva haijawekwa. 10 ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza, jambo ambalo kwa kadi za Wi-Fi mara nyingi hutokana na draiva ya toleo lisilofaa. 22 ni kwamba kuna mtu amekizima, na dawa yake ni kubofya "Enable" basi. Ukishasoma hiyo, nenda ukurasa wa "Details", na kwenye orodha ya "Property" chagua "Hardware Ids". Nakili mstari wa kwanza kama ulivyo, bila kuacha herufi.

Nilimwomba Mpwa huo mstari kabla gazeti halijaenda mitamboni. Wake unaanza hivi: PCI\VEN_10EC&DEV_D723, halafu inafuata SUBSYS inayoishia na 103C.

Tuusome pamoja. VEN ni mtengenezaji wa chipu. 10EC ni Realtek. Ingekuwa 8086 ingekuwa Intel, ambao walijichukulia namba ya prosesa yao maarufu ya 1978. 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 1814 ni Ralink. Hawa wawili wa mwisho wana jambo la kukumbuka: mwaka 2011 Atheros ilinunuliwa na Qualcomm, na mwaka huohuo Ralink ikanunuliwa na MediaTek, kwa hiyo draiva zao za baadaye utazikuta chini ya majina ya wamiliki wapya. DEV ndiyo chipu yenyewe. D723 ni RTL8723DE. Zile namba nne za mwisho za SUBSYS zinataja kampuni iliyoagiza kadi kwa ajili ya laptopu zake: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1043 ni ASUS. Kwa kutafuta draiva, VEN na DEV zinatosha kwa kawaida.

Kwa hiyo Mpwa, kati ya draiva zako nne, tatu hazikuwa na kazi kwako tangu mwanzo. Ya Realtek ni ileile iliyokimbiza mstari wa kijani na kufunga. Na hapa ndipo watu wengi wanapoachia kamba. Mafaili mengi ya kampuni za laptopu, ukiyafungua, hayasakinishi chochote. Yanajikunjua tu na kuacha vilivyomo kwenye folda. Za HP hupenda kujikunjua ndani ya C:\SWSetup, za Dell ndani ya C:\Dell\Drivers, za Lenovo ndani ya C:\DRIVERS. Draiva uliyokuwa ukiitafuta imelala ndani ya diski yako tangu siku ile.

Ingia kwenye hiyo folda utafute faili ambalo aina yake imeandikwa "Setup Information". Hilo ni faili la inf. Lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta DEV_D723. Ukiikuta, draiva hii inaijua kadi yako. Usipoikuta, usipoteze muda nayo, hata kama jina la faili linakuvutia namna gani. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, na mimi huufanya kabla ya kuweka draiva yoyote ya kifaa cha zamani. Nashangaa ni mafundi wachache wanaoujua.

Ukishaikuta, rudi kwenye "Device Manager", bofya kwa kulia ile "Network Controller", chagua "Update driver", kisha "Browse my computer for drivers". Elekeza kwenye ile folda na uhakikishe "Include subfolders" imewekewa tiki. Njia hii inafanya kazi hata pale programu ya kusakinisha ya kampuni inapokataa, kwa sababu programu hizo huwa na masharti yao, mara hii ni ya Windows fulani tu, mara laptopu hii haimo, ilhali draiva iliyomo ndani haina kinyongo na mtu.

Mpwa amenijibu kwamba mitandao imeonekana. Namwongezea neno moja: chipu hiyo inashika masafa ya GHz 2.4 peke yake na ina mkondo mmoja, kwa hiyo kasi yake ya juu kabisa, tena ya kwenye karatasi, ni Mbps 150. Usije ukaibadilishia draiva kila wiki ukitafuta kasi ambayo haimo.

Wenye mstari tofauti na wa Mpwa, nendeni hivi. Kwanza patia laptopu intaneti kwa njia nyingine. Waya wa mtandao ukiwepo ni bora. Usipokuwepo, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, washa "USB tethering". Windows 10 na 11 huichukua simu kama kadi ya mtandao bila kuomba draiva. Kama unatumia bando, nenda haraka kwenye mipangilio ya mtandao uwashe "Metered connection", la sivyo Windows itaanza kujishushia masasisho na bando lote litakwisha kabla hujaanza kazi. Halafu fungua Windows Update na utafute sehemu ya "Optional updates". Mara nyingi draiva ya Wi-Fi iko palepale na shughuli inaishia hapo.

Isipokuwepo, kuna ghala ambalo Microsoft wenyewe wameliweka wazi kwa kila mtu, linaitwa Microsoft Update Catalog, kwenye anwani catalog.update.microsoft.com. Kwenye kisanduku cha kutafutia usiandike jina la laptopu wala la kadi. Bandika kile kipande cha VEN na DEV. Utaletewa orodha. Panga kwa tarehe, angalia safu ya bidhaa inasema Windows ipi, bofya jina la draiva usome "Architecture". Ukiona AMD64, usikimbie kwa kuwa laptopu yako ni ya Intel. Maana yake ni Windows ya biti 64, prosesa iwe ya nani. Biti 32 huandikwa X86. Yako ni ipi utaiona kwenye mipangilio, "System", halafu "About". Ukikosa kabisa ya Windows 10, jaribu ya Windows 8.1 au 7 ya biti zilezile. Kwa kadi kuukuu mara nyingi inakubali.

Utakachopakua ni faili la cab. Lifungue, toa vyote vilivyomo uviweke kwenye folda moja, kisha fanya kama nilivyomwambia Mpwa.

Mtaniuliza, mbona zipo programu zinazotafuta draiva zote zenyewe? Zipo. Nimeziondoa kwenye laptopu za watu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona zikisaidia. Nyingine hukuonyesha orodha nyekundu ya draiva "zilizopitwa na wakati" ili ulipie, nyingine huja na abiria wasioalikwa. Na kutazama tarehe peke yake hakukusaidii kitu: kwenye "Device Manager" utakuta draiva chungu nzima za Microsoft zenye tarehe 21 Juni 2006. Hazijasahaulika. Microsoft huziwekea tarehe hiyo ya zamani kwa makusudi ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ionekane mpya zaidi na ipewe nafasi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Laptopu yangu ni ya 2010, Windows 10. Inaona mitandao ya majirani wote ila wa kwangu. Tulibadilishiwa ruta mwezi uliopita, simu za nyumbani zote zinaunganika. Nimeambiwa draiva imeharibika niibadilishe. Nimeibadilisha, hali ni ileile. — Mwalimu Mstaafu

JIBU: Za kazi njema, mwalimu. Draiva inayoona mitandao ya majirani haijaharibika. Mwache mzee wa watu.

Fungua kidirisha cheusi cha amri, andika netsh wlan show drivers, utafute mstari wa "Radio types supported". Ukiwa na 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi yako inasikia masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta mpya huenda inatangaza kwa GHz 5 tu, na kwa kadi yako hiyo ni sawa na kutotangaza. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa GHz 2.4, na ikiwezekana ipe jina lake tofauti ujue umeshika ipi. Ukiwa huko, weka chaneli 1, 6 au 11. Kadi nyingine za zamani zimefungiwa zisisikie 12 na 13.

Ingekuwa mtandao unaonekana lakini unakataa nenosiri ulilo na hakika nalo, ningekuelekeza kwingine, kwenye usalama. Ruta iliyowekwa WPA3, ulinzi mpya wa mitandao ya Wi-Fi, peke yake itaikataa kadi ya umri huo. Chagua WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Lakini usikubali mtu akurudishe kwenye WEP, ulinzi wa kale ulio dhaifu, eti kwa sababu laptopu ni ya zamani. Kadi ya 2010 inaijua WPA2 vizuri.

Kuna hali moja ambapo aliyekuambia draiva angekuwa sahihi, na naitaja kwa ajili ya wengine. Baadhi ya kadi za Intel zilizotoka baada ya yako, kama 7260 na 7265, zikiwa na draiva ya zamani hazioni kabisa mtandao wa ruta ya Wi-Fi 6, hata kama masafa yanalingana. Intel walitoa draiva zilizorekebisha hilo. Asiyeweza kuipata anaweza kuzima 802.11ax (ndiyo hiyo Wi-Fi 6) kwenye ruta, upande wa GHz 2.4, mtandao ukaonekana.

SWALI: Kaka fundi, nimechoka na Windows, nimeweka Linux Mint kwenye laptopu ya zamani. Inaruka kama swala, lakini Wi-Fi hakuna. Nimeandika lspci -nn, kwenye Network controller naona Broadcom BCM4312 na mabano yenye 14e4:4315. Jamaa kwenye kundi letu ananiambia nitumie ndiswrapper. — Mhamiaji

JIBU: Mhamiaji, umekuja na namba mkononi, kwa hiyo umenirahisishia. Ile ndiswrapper ilikuwa mbinu ya kuvisha draiva ya Windows ndani ya Linux, enzi ambazo hakukuwa na njia nyingine. Iache ipumzike.

Broadcom wa miaka ile ndio waliotutesa kuliko wote kwenye Linux. Atheros, kwa mfano, walipata draiva ya ath9k ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu 2008, na haihitaji hata faili la nyongeza. Kadi ya AR9285 unaichomeka inafanya kazi. Intel wanahitaji faili la femuwea (programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe), lakini wanaruhusu ligawiwe, kwa hiyo huja na mfumo. Broadcom wa zamani femuwea yao haikuruhusiwa kugawiwa hivyo, ndiyo maana Mint haijaiweka tayari.

Una njia mbili. Unganisha simu kwa USB kama nilivyoeleza juu, Linux itaipokea bila maswali, kisha fungua "Driver Manager" uchague bcmwl-kernel-source, uwashe upya. Hata bila intaneti, ukichomeka ile flashi uliyosakinishia, "Driver Manager" inaweza kuichukua humo. Hii ndiyo draiva ya Broadcom wenyewe, na ina kasoro moja: kila kerneli mpya inapokuja ni bahati nasibu, kwa sababu Broadcom waliacha kuihudumia zamani. Njia ya pili ni draiva huru ya b43 pamoja na kifurushi cha femuwea chenye jina linaloanza na firmware-b43. Kwa 4315 mimi ningeanza na hii ya pili. Usiweke zote mbili pamoja.

Na ikikataa bado, andika rfkill list. Penye "Soft blocked: yes" andika rfkill unblock wifi. Penye "Hard blocked: yes" usiandike chochote, pindua laptopu upapase pembeni. Laptopu za miaka hiyo zilikuwa na swichi ndogo ya kuteleza ubavuni au mbele, chini ya mahali pa kuwekea viganja, na inasukumwa na begi bila mtu kujua. Zisizo na swichi hutumia Fn na mojawapo ya vitufe vya F vyenye picha ya antena. Ninyi wa Windows pia lichukueni hili, kabla ya kuanza kuhangaika na draiva.

SWALI: Nimenunua kile kijiti cha Wi-Fi cha USB, TP-Link TL-WN722N, kama cha kaka yangu. Cha kwake kwenye Linux kilikubali papo hapo. Changu kimegoma. Ni feki? — Wa Pili Kuzaliwa

JIBU: Huenda si feki. Tazama karatasi ya nyuma, utaona neno V1, V2 au V3. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, hayo ya baadaye yana Realtek. Jina moja, ganda moja, chipu mbili tofauti kabisa, na draiva mbili tofauti. Kwa vifaa vya USB namba huonekana kwa amri ya lsusb, au kwenye "Hardware Ids" ikiwa imeandikwa VID na PID badala ya VEN na DEV.

Wengine wana vijiti vinavyojitokeza kama diski ya CD. Hiyo ni makusudi: ndani ya CD hiyo ya bandia kuna draiva ya Windows, na kikishaipata kinajigeuza kuwa kadi ya Wi-Fi. Kwenye Linux kazi ya kukigeuza ni ya usb_modeswitch. Ukiona 0bda:1a2b kwenye lsusb, ujue bado kimo kwenye sura ya CD.

SWALI: Nalazimika kubaki Windows 7 kwa sababu ya programu ya kazini. Nimeweka draiva sahihi, namba zinalingana, lakini nasoma Code 52. — Mhasibu

JIBU: Code 52 ni saini ya kidijitali, ile inayothibitisha draiva imetoka kwa nani. Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva isiyo na saini inayoitambua, na ilipotoka haikuijua saini ya SHA-2 ambayo watengenezaji walihamia baadaye. Weka kwanza sasisho KB4490628, kisha KB4474419, yote yamo kwenye ghala nililolitaja juu, au tafuta toleo la zamani zaidi la draiva hiyohiyo. Wapo watakaokufundisha kuzima ukaguzi wa saini kila unapowasha. Kwa mashine yenye hesabu za watu, nakukataza. Na kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, jiulize kama mashine hiyo inahitaji Wi-Fi kweli, au ingetosha kuipelekea mafaili kwa flashi.

SWALI: Nimechoka kutafuta. Nikibadilisha kadi yenyewe nikaweka mpya si nitapona? Dada mmoja fundi ameniambia haiwezekani kwa laptopu yangu. — Mchoshwa

JIBU: Inategemea, na dada huyo huenda ana sababu. Kuna laptopu, hasa zilizotoka kabla ya 2014 hivi, ambazo BIOS yake ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nyingine inagoma kuwaka na kukuandikia kwamba kifaa hakiruhusiwi. Kwa hizo, tafuta kadi bora zaidi iliyotoka kwenye laptopu ya modeli hiyohiyo.

Kama yako haina kizuizi hicho, angalia soketi. Zilizozeeka zina Mini PCIe, zilizofuata zina M.2, na haziingiliani. Kwenye M.2 nako kuna mtego: AX200 na AX201 zinafanana kama mapacha, lakini AX201 inategemea sehemu ya kazi ifanyike ndani ya chipu za Intel za kizazi kipya, kwa hiyo kwenye laptopu ya zamani haitaonekana kabisa. AX200 ndiyo inayojitegemea. Hata hiyo, kwenye Windows inataka 10 ya biti 64 kwenda juu. Nyaya mbili za antena zichomoe kwa ukucha, taratibu, zikielekea juu. Vichwa vyake vikikatika hakuna draiva itakayokusaidia.

Kama mikono inakutetemeka, nunua kijiti cha USB. Si aibu.

SWALI: Fundi, laptopu yangu ya zamani Wi-Fi inafanya kazi vizuri, ila nataka kuifuta niweke Windows upya. Nimesoma vilio vya wenzangu gazetini nimeogopa. — Mwoga

JIBU: Laiti wote wangeandika kabla ya kufuta. Chomeka flashi, tengeneza humo folda, tuseme E:\draiva. Fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika pnputil /export-driver * E:\draiva kisha bonyeza Enter. Windows 10 na 11 zitatoa nakala za draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine hiyo, ya Wi-Fi ikiwemo. Nakili pia ule mstari wa "Hardware Ids" kwenye karatasi, si kwenye laptopu unayokwenda kuifuta. Ukishaweka Windows mpya, kama Wi-Fi haikujitokeza yenyewe, "Update driver", elekeza kwenye E:\draiva, weka tiki kwenye "Include subfolders". Ila kama ulikuwa na biti 32 na sasa unaweka 64, nakala hizo hazitafaa, na utarudi kwenye jibu la Mpwa.